Jibu la Bwana Katoni

Alirudi saa nne asubuhi. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwona sebuleni saa nne ya siku ya kazi, isipokuwa siku aliyong'olewa jino, na hata siku hiyo alisukutua maji ya chumvi akarudi kazini na shavu limejaa kama puto. Mama yake alikuwa kwenye kochi anachambua maharage. Alimkagua kuanzia viatuni kwenda juu, taratibu, kama mtu anayesoma barua ndefu.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu, mama."

"Basi unaumwa."

"Siumwi."

"Basi wamekufukuza," mama akasema huku akicheka, maana bibi huyu alikuwa na utani hata na daktari aliyekuwa anamchoma sindano. Akasubiri mwanawe naye acheke. Mwanawe akavua koti la kazi, la bluu, lenye kalamu tatu mfukoni, akalikunja vizuri kama mtu anayelirudisha dukani, akaliweka juu ya meza.

Mkewe aliyasikia yote kutoka chumbani. Ofisi yake ilikuwa kona ya chumba cha kulala, kati ya kabati na dirisha, na meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya droo mbili. Kitasa hakikuwahi kung'olewa, na hapo ndipo alipotundika kikombe chake. Alikuwa mbunifu wa kurasa. Karani akifungua kompyuta akakuta kitufe cha kupokea mzigo kiko hapa na cha kutoa kiko pale, wala havimchanganyi, ujue kuna mtu kama yeye aliyekaa wiki mbili akivisogeza kwa upana wa ukucha. Akatoka na miwani kichwani.

"Mkuu, kuna nini?"

Alimwita Mkuu tangu alipopandishwa kuwa mkuu wa stoo, naye mumewe alimwita Fundi. Safari hii jina lilimtoka kwa mazoea, na wote watatu wakalisikia.

"Wameleta ukurasa mpya," mumewe akasema. "Kwenye ile programu ya biashara. Dada wa mapokezi anabonyeza, ukurasa unamwambia katoni ipi itoke, rafu ipi, ipi itangulie, ipi isubiri. Wapakiaji wanatoa. Watunza stoo tulikuwa wanne, wote wanne tumepewa bahasha. Bosi kasema nisijisikie vibaya, eti hakuna aliyekosea."

"Pumbavu," mama akasema.

"Mama!"

"Namwambia bosi wako, si wewe."

Akakaa pembeni mwa mama yake, akachukua maharage mawili matatu, akaanza naye kuchambua. "Mtaniona mjinga," akasema, "lakini ni ukurasa mzuri. Nimeuangalia dakika kumi nzima kabla sijaondoka. Vinavyovunjika vinatoka mwisho ili vikae juu ya lori. Mzigo wa zamani unatangulia. Hata utepe wa katoni unaulizwa kama umekatwa. Nikasema moyoni, aliyeutengeneza huu anaijua stoo kama mimi."

Mkewe akasema anakwenda kuchemsha chai. Alisimama jikoni muda mrefu, mbele ya jiko ambalo hakuliwasha.

*

Programu hiyo ilitumika kila mahali, na watumiaji wake walikuwa na baraza lao mtandaoni. Wahasibu, wenye maduka, watu wa mauzo, mameneja. Aliyekwama anauliza, anayejua anajibu. Hakuna aliyelipwa. Kila mtu alijipa jina alitakalo, na kumwuliza mwenzako anafanya kazi wapi kulihesabiwa ni kukosa adabu, maana biashara zina siri zake. Walijivunia mambo mawili. Kwanza, swali halilali barazani siku mbili bila jibu. Pili, ukisaidiwa ni lazima urudi kushukuru kwa picha mbili, ya kabla na ya baada, ili watu waone walichokufanyia.

Mbunifu alikuwa na mwaka wa sita humo, kwa jina la Kalamu. Wateja ndio waliomlisha. Baraza lilimpa raha. Alikuwa ameshukuriwa mara elfu moja mia tisa na kitu, na wenzake walimpa cheo cha mshauri, chenye uwezo wa kuhamisha maandishi ya watu kutoka ukurasa wa mbele kwenda huko nyuma yanakohifadhiwa. Mama mkwe hakuwahi kukielewa cheo hicho.

"Unawajibu bure?" aliwahi kumuuliza.

"Bure, mama."

"Na majina yao huyajui?"

"Siyajui."

"Fundi viatu akikutazama soli tu anaomba ya chai. Wewe mwenzangu unawashonea viatu watu wasio na miguu!"

Sasa, asubuhi ya pili baada ya ile bahasha, Kalamu alifungua baraza akakuta ameshukuriwa. Aliyemshukuru alijiita Simba Mpole, na alimkumbuka vizuri. Miezi mitatu nyuma Simba Mpole alikuwa ameomba ukurasa ambao mtu asiyewahi kukanyaga stoo angeweza kuutumia kutoa mzigo asikosee. Kalamu naye stoo alikuwa haijui. Kwa hiyo akauliza mezani, wakati wa kula.

"Mkuu, mzigo ukiingia, jicho lako linaanza wapi?"

Mumewe aliacha kutafuna. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Alisukuma sahani pembeni, akapanga vijiko na vikombe kama rafu, akamfundisha. Hakumfundisha siku hiyo tu. Alimfundisha wiki tatu, kila jioni, chakula kikipoa, akitoa siri ambazo hata wale watunza stoo watatu wa chini yake alikuwa hajawapa zote. "Mwambie huyo mtu wako asiweke vioo chini." "Mwambie huyo mtu wako aangalie utepe kwanza, katoni haisemi uongo." Huyo mtu wako, huyo mtu wako, mpaka mama mkwe akauliza kama huyo mtu naye atakuja kula hapo.

Picha ya baada ilionyesha ukurasa wenyewe ukiwa kazini. Ulikuwa wake, kila kitufe alikijua. Ila majina ya rafu yalijazwa na wenye stoo, nayo yalikuwa Bibi Harusi, Mzee Kifua na Kichochoro. Chini ya jua hili kuna mtu mmoja tu anayeita rafu ya vioo Bibi Harusi, kwa sababu ukimtoa unatembea naye taratibu na watu wote wanakutazama. Mzaha huo ulichekwa nyumba hii, kwenye meza hii.

Picha ya kabla ilionyesha mgongo. Mwanamume mwenye koti la bluu ameinama juu ya daftari, kidole kwenye mstari. Uso haukuonekana. Lakini mstari wa nywele shingoni ulikuwa umepinda kidogo kwenda kushoto, na aliyeupinda ni yeye mwenyewe, Jumapili, kwa mkasi wa jikoni, akimwambia atulie.

Chini yake watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa wamecheka. "Mzee wa daftari, pumzika kwa amani!" mmoja aliandika. Mwingine: "Kalamu, wewe ni mchawi, umemfuta babu kwa ukurasa mmoja."

Alizihamisha zile picha mbili huko nyuma, mahali ambapo hakuna anayefika. Hakuzifuta. Alijiambia atamweleza mumewe jioni.

*

Jioni mumewe alikuwa anaumwa kichwa. Kesho yake alikuwa na matumaini, kuna ghala aliloambiwa wanatafuta mtu, na mtu mwenye matumaini humvunji njiani. Keshokutwa alirudi kutoka kwenye hilo ghala na mengine mawili, na siku hiyo ndiyo kabisa haikufaa.

Alihadithia kwa vichekesho, kama kawaida yake. Mlinzi wa ghala la kwanza alimwandikisha jina kwenye kitabu cha wageni, akamwambia meneja hayupo, huku meneja anaonekana dirishani anapuliza chai. Ghala la pili walimuuliza umri. Alipoutaja wakamletea kiti, akajua mambo yameisha. La tatu walimpokea vizuri sana.

"Mwenye ghala kanishika mkono, kanipeleka mpaka kwenye kompyuta. Kanionyesha ukurasa, ule ule! Eti wameuchukua barazani kwenu, bure. Alivyokuwa anafurahi, utadhani ananionyesha mtoto mchanga. Ningefanyaje? Nikamwambia hongera."

Mama yake alicheka mpaka akajifuta macho, na akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha. Mkewe aliinuka kukusanya vyombo. Yeye hesabu alikuwa nayo, baraza lilimhesabia: waliochukua nakala ya ukurasa ule walishafika mia tatu na kumi na wawili.

Wiki ya tatu Mkuu alianza kupanga kabati la jikoni. Unga wa zamani mbele, mpya nyuma. Mafuta chini, chupa juu. Akabandika karatasi mlangoni.

"Nikitaka chumvi nijaze fomu?" mama akauliza.

"Saini tu, mama. Na tarehe."

Wakacheka. Lakini Ijumaa yake mama alikutwa anaweka saini kweli, mwandiko wake wa kutetemeka, kwa sababu alikuwa ameona jinsi mwanawe anavyoisoma ile karatasi kila asubuhi.

Wiki ya nne akamwomba mkewe jambo.

"Nifungulie na mimi hilo baraza lenu. Nasikia mnapiga kura ya mshauri wa mwaka. Mtu nimekaa hapa, mke wangu anagombea, halafu sina kura?"

"Ah, Mkuu, ni mambo ya watu wa kompyuta yale."

"Ndiyo nijifunze. Au unanionea aibu?"

Akamfungulia. Jina alilichagua mwenyewe: Bwana Katoni.

"Jina la mlevi," mama akasema.

Bwana Katoni akapiga kura yake moja, halafu akabaki humo. Alisoma maswali ya watu kama wengine wanavyosoma gazeti, simu mbali na macho, midomo ikicheza. Hakuandika kitu. Alisema bado anawasikiliza wakubwa. Mkewe aliangalia mara mbili kila siku kama zile picha bado zimefichika.

*

Jumapili Simba Mpole aliuliza swali jipya.

Mizigo inayorudishwa na wateja ilikuwa inamvuruga. Ukurasa unaihesabu kama mizigo mizima, inarudi rafuni, inatoka tena, mteja mwingine anafungua anakuta vipande. Wateja watatu walishalalamika. Afanyeje?

Kalamu alilisoma swali akiwa kwenye meza yake ya mlango, na kupitia ukutani alikuwa anasikia jibu likimwambia mama yake kwamba chumvi imebaki nusu pakiti. Jibu lote lilikuwa kichwani mwa mtu yule. Angeuliza tu wakati wa kula, angepangiwa vijiko na vikombe. Hakuuliza.

Jumanne Simba Mpole alimwandikia yeye peke yake. "Dada Kalamu, nisaidie, nimekwama. Nisipopata jibu mpaka Ijumaa mchana itabidi nimpigie mkuu wangu wa stoo wa zamani arudi Jumatatu. Sipendi kurudi nyuma, lakini mzee yule kazi alikuwa anaijua."

Aliusoma ujumbe huo mara saba. Mzee yule alikuwa na miaka arobaini na minane. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mshauri aliyewahi kulifanya: alilitoa swali ukurasa wa mbele akalipeleka nyuma, kwenye kona ya maswali ya kusubiri, akanyamaza.

Siku ya tatu wenzake walianza kumtafuta. "Kalamu, umelala?" "Kalamu, mbona Simba Mpole anateseka?" Alijibu mmoja kwamba ana kazi ya mteja, kisha akafunga baraza kabisa, akaogopa hata kulichungulia. Kitu pekee alichohitaji ni Ijumaa ifike na watu wakae kimya.

Alhamisi alipiga pasi koti la bluu.

"Unalinyoosha la nini?" mama mkwe akauliza.

"Limekaa vibaya, mama."

"Limekaa mwezi mzima vibaya, leo ndiyo umeliona?" Akamtazama mkwewe, akamwona anaimba chini kwa chini, akaachana naye.

Alitaka kumwambia mumewe. Mara mbili alifika mpaka mlangoni. Lakini akimwambia bosi anakaribia kukuita, ataulizwa umejuaje. Akisema amejuaje, itabidi afungue zile picha, na wale mia mbili na kumi na wanne wanaocheka, na wiki tatu za vijiko na vikombe. Na ya nini? Jumatatu ilikuwa inakuja yenyewe. Simu italia, mumewe ataamini bosi amejuta, atatoka hapa kifua mbele, na yeye atamtengenezea maisha yake yote kurasa nzuri za kulipia kosa hilo bila mtu kujua. Mpango ulimtosha. Aliupenda hata.

*

Ijumaa saa tano asubuhi mlango wa chumba ulifunguliwa bila hodi.

"Fundi! Nimejibu!"

Alikuwa amesimama na simu juu, kama mtu aliyekamata samaki mkubwa kuliko wote, na uso wake ulikuwa ule wa zamani, ule ambao mkewe alikuwa hajauona tangu siku ya bahasha.

"Umejibu nini?"

"Barazani! Kuna jamaa kauliza, siku nne hakuna aliyemgusa, mmemtupa huko nyuma kwenye kona kama kiatu kibovu. Nikasema hapana, hii ni aibu kwa mke wangu, mshauri mzima. Tena wiki ya kura! Halafu swali lenyewe, mizigo iliyorudishwa! Fundi, hiyo si ndiyo kazi yangu? Nikakaa jana mchana, kidole kimoja kimoja, nikamwandikia yote. Afungue rafu ya pembeni. Ukurasa usiihesabu kabisa, mpaka mtu afungue katoni kwa mkono wake na aandike jina lake. Nikamwekea na mchoro. Vitufe nimevipanga kama unavyovipanga wewe."

"Swali la nani?" mkewe akauliza, ingawa alijua.

"Sijui, si mlisema hatuulizani? Simba nani sijui. Sasa hivi kashukuru! Mama, njoo usikie, mwanao kashukuriwa!"

Mama akaja anaburuta ndara, akaegemea kizingiti. "Soma kwa sauti. Na usiruke maneno."

Akakohoa kidogo, akasogeza simu mbali na macho.

"'Bwana Katoni, Mungu akubariki popote ulipo. Nimejaribu asubuhi hii, inafanya kazi. Umeniokoa, ndugu yangu. Nilikuwa nimeshashika simu kumpigia mtu wangu wa stoo wa zamani arudi Jumatatu. Sasa simhitaji tena. Picha za kabla na baada nitaleta kesho.'"

"Ehee!" mama akapiga makofi. "Umemwokoa mtu!"

"Umesikia, Fundi? Ndugu yangu, kasema. Popote ulipo." Akacheka, akarudia kusoma, safari hii kwa midomo tu. Alipofika katikati, midomo ikapungua mwendo. Akaanza upya. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Sasa simhitaji tena," akasema.

Mama akaacha kupiga makofi.

"Ina maana kuna mtu. Kuna mtu alikuwa arudi kazini Jumatatu."

"Hukujua," mama akasema.

"Sikujua, mama. Lakini nimemkatia. Mimi, ninayejua inavyouma." Akampa mkewe simu, kama mtu anayerudisha kitu alichokivunja. "Jibu linaweza kufutwa?"

"Ameshalisoma."

"Basi mwandikie wewe. Wewe ni mshauri, wewe atakusikiliza. Mwambie lile jibu lina kasoro. Mwambie chochote, Fundi, amrudishe mtu wake. Huyo mtu yuko nyumbani kwake sasa hivi anasubiri simu, na simu haiji, na hatajua hata ni kwa nini haikuja." Akapangusa uso kwa kiganja, akatazama sakafu. "Labda naye ana mke hapo, anamwangalia tu, hajui amwambie nini."

Mkewe aliiweka simu juu ya meza, kioo kikiwa chini.

"Anaye," akasema.

Mumewe akainua uso. Macho yalikuwa yamejaa huruma, yote ya yule mtu mwingine.

"Kumbe unamfahamu?" akauliza.